Mchanga wa Unguja katika Kaburi la Hamburg

Katika makaburi makubwa ya Ohlsdorf, mjini Hamburg, amezikwa mwanamke mmoja wa Unguja miongoni mwa jamaa wa mumewe. Alifariki katika mji wa Jena tarehe 29 Februari 1924, akiwa na umri wa miaka 79. Wajerumani walimjua kwa jina la Emily Ruete. Sisi watu wa pwani tunamjua kwa jina alilopewa na wazee wake: Sayyida Salme binti Said bin Sultan. Katika vitu alivyoviacha kulikutwa kifuko kidogo chenye mchanga wa pwani ya Unguja, na mchanga huo ukazikwa pamoja naye.

Kitabu chake cha kumbukumbu za maisha kilichapishwa mjini Berlin mwaka 1886, na tafsiri ya Kiingereza ikatoka mwaka 1888. Tangu hapo kimesomwa kama hadithi ya jumba la mfalme: masuria na watumishi, vito na manukato, farasi na mapazia. Wageni wanaokuja visiwani hukinunua wakitafuta hayo, na wenyeji nao, kwa muda mrefu, wamekisoma kwa jicho lilo hilo au hawakukisoma kabisa. Wapo waliokiepuka kwa sababu mwandishi alitoka katika dini yake, na wapo waliokiepuka kwa sababu alikuwa mtoto wa mtawala. Lakini msomaji wa pwani akikifungua bila ya kutafuta jumba, hukutana humo na mtu asiyemtarajia: mhamiaji, mama mjane katika nchi ya baridi, anayeandika ili watoto wake wajue alikotoka. Na mtu wa namna hiyo, katika visiwa hivi, karibu kila nyumba inaye.

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji, mahali ambapo kijito kinaingia baharini. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala Omani na Zanzibar na kuufanya mji wa Unguja kuwa makao yake. Mama yake ni Jilfidan, suria kutoka nchi ya Wacherkesi katika milima ya Kaukasi. Katika sura zake za mwanzo Salme anaueleza ua wa Mtoni, na swala, tausi, mbuni na bata waliokuwa wakizunguka humo pamoja na watoto. Kisha anaeleza jambo ambalo mpenzi wa lugha hawezi kulipita upesi. Mbele ya baba yake, anasema, ilitakiwa kusemwa Kiarabu peke yake. Baba akigeuza mgongo tu, ua mzima huchanganyika kwa Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kiswahili, Kinubi na Kihabeshi. Huo ndio ulimwengu wa masikio ya mtoto huyo kabla hajajua kuandika neno. Mwenye kuijua bandari ya Unguja ataitambua sauti hiyo, kwani mji wetu ulijengwa juu ya mseto wa namna hiyo, na Kiswahili kikawa ndicho cha kuunganisha.

Mseto huo, hata hivyo, haukuletwa wote kwa hiari. Kisa cha Jilfidan, kama binti yake anavyokisimulia, ni kifupi na kizito. Alikuwa mtoto wa miaka saba au minane vita vilipoingia nchini kwao. Wanyang'anyi waliwaua baba na mama, wakawachukua watoto watatu juu ya farasi: yeye, kaka yake, na dada yao mdogo aliyekuwa akilia na kumwita mama. Jioni watoto hao wakatenganishwa, na hawakusikiana tena maisha yao yote. Jilfidan akaishia Unguja, akalelewa pamoja na mabinti wa Sayyid, akajifunza kusoma, akawa mtu wa kushona na kuuguza wagonjwa, mpole, anayependwa. Alifariki mwaka 1859 katika maradhi ya kipindupindu, na Salme alikuwa na miaka kumi na mitano tu.

Kwa hiyo kitabu hiki kina safari mbili ndani yake. Ya kwanza ni ya mama aliyeletwa Unguja bila ya kuulizwa. Ya pili ni ya binti aliyeondoka Unguja kwa miguu yake mwenyewe. Anayekisoma kwa makini huona kwamba binti huyo, alipokuwa Hamburg akiwatazama wanawe wasiojua lugha yake, alikuwa amefika mahali ambapo mama yake alipafika kabla yake. Jilfidan naye alikuwa na lugha ambayo hakuwa na ndugu wa kuzungumza naye. Salme haisemi kwa uwazi hali hiyo ya kufanana. Lakini anamweleza mama yake kwa upole ambao hamwelezi mtu mwingine yeyote, na hapo msomaji huelewa.

Jambo la pili ambalo wapenzi wa ushairi watalishika ni namna Salme alivyojifunza kuandika. Watoto wa Mtoni, wa kike na wa kiume, walifundishwa na mwalimu mwanamke aliyeletwa kutoka Omani. Wasichana walifundishwa kusoma Kurani, na hapo elimu yao ikakoma. Kuandika kulikuwa kwa wavulana. Salme hakuridhika. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, uliosafishwa ukawa mweupe, ambao wanafunzi wa wakati huo waliuandikia kwa wino, akaweka Kurani mbele yake, akaanza kuiga herufi moja moja kwa siri. Alipoona mkono umekaza, akamwomba mmoja wa watumwa waliosoma amtengenezee mwandiko. Jambo lilipojulikana alilaumiwa sana, lakini mwenyewe anasema hakujuta.

Msomaji aliyepita chuoni Unguja, Pemba, Lamu au Mombasa, akashika ubao na wino wa masizi, hahitaji kuelezwa mfupa ule ulikuwa na harufu gani. Na kila aliyejisomesha mwenyewe, bila ya cheti wala skuli kubwa, akaibia herufi usiku kwa taa ya kibatari, atamtambua msichana huyo kuwa ni ndugu yake. Ushairi wetu mwingi umehifadhiwa na watu wa aina hiyo: wanawake walionakili tenzi kwa mkono, na wanaume waliojifunza aruzi barazani. Binti wa Sultani amesimama katika safu hiyo, na hapo hana cheo kuliko mwingine.

Kalamu, lakini, ilimponza upesi. Sayyid Said alifariki baharini mwaka 1856 akirejea kutoka Omani, na kiti cha Unguja kikashikwa na mwanawe Majid. Mwaka 1859 ndugu mwingine, Barghash, alifanya njama za kumpindua. Baadhi ya dada zake walimuunga mkono, na Salme, mdogo wao lakini mwenye kujua kuandika, akawa katibu wa njama. Barua za siri ziliandikwa kwa mkono uleule uliojifunza juu ya mfupa wa ngamia. Njama zilishindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki amegawanyika: alikuwa amemdhulumu Majid aliyemlea kwa wema, kwa ajili ya Barghash ambaye baadaye angekataa hata kumtazama usoni. Majid alimsamehe. Yeye mwenyewe, kwa anavyoandika, hakujisamehe.

Kuondoka kwake kunajulikana na hakuhitaji maneno mengi. Alirudi kuishi mjini, jirani na mfanyabiashara wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete wa Hamburg. Mapenzi yalizuka, na akashika mimba. Agosti 1866 alipanda manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer iliyompeleka Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily na siku hiyo hiyo akafunga ndoa, kisha wakaelekea Ulaya. Mtoto yule wa kwanza hakuishi kuiona Hamburg.

Hapa ndipo msomaji anapotakiwa kupunguza mwendo. Mbali na kitabu cha 1886, Salme aliandika pia mfululizo wa barua zinazomwendea rafiki aliyebaki Unguja. Hazikuchapishwa katika uhai wake. Zilitoka kwa Kiingereza mwaka 1993. Humo hakuna tausi. Humo kuna majira ya baridi, watu wanaomkodolea macho njiani, chakula ambacho hakujua kimetiwa nini, na siku ndefu za kumngoja mume arudi kazini. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe, na Salme katika mitaa ya Hamburg alikuwa kuku mweupe kwelikweli. Hakujua Kijerumani. Kiswahili, ambacho Ruete alikijua kutokana na biashara yake Unguja, ndicho kilichokuwa lugha yao wawili. Ndani ya nyumba ya Hamburg, katika miaka ya 1860, mke na mume walikuwa wakizungumza lugha ya Forodhani na Shangani.

Walipata watoto watatu katika muda wa miaka mitatu, na watoto walipewa majina ya Kijerumani yaliyofuatana na ya Kiarabu. Mwezi Agosti 1870, Ruete aliumia alipokuwa akishuka kwenye gari la abiria linalovutwa na farasi, akafariki baada ya siku chache. Mtoto mkubwa alikuwa na miaka miwili, na mdogo alikuwa na miezi minne. Salme alipoteza mume na mlezi, na kwa pigo hilohilo akampoteza mtu aliyekuwa akizungumza naye Kiswahili kila siku. Watoto walikua wakisema Kijerumani. Mwaka huohuo Majid alifariki Unguja na Barghash akashika utawala, na mlango wa kurudi nyumbani ukazidi kuwa mzito.

Nyumba hiyo si ngeni kwetu. Baada ya Mapinduzi ya 1964, na kwa mawimbi mengine baadaye, watu wengi wa visiwani walikwenda Maskati, Dubai, London, Copenhagen, Toronto. Katika majumba yao mama huuliza kwa Kiswahili na mtoto hujibu kwa lugha nyingine. Simu ilipokuwa ghali, kaseti zilipelekwa na wasafiri, zikasikilizwa mara kumi kwa ajili ya sauti tu, hata habari zilizokuwamo zilipokwisha kuchakaa. Aliyepokea kaseti namna hiyo, au aliyeipeleka, akizisoma barua za Salme hujikuta anaujua mwisho wa sentensi kabla hajaufikia. Hakutarajia kukutana na shangazi yake wa Denmark katika maandishi ya binti wa Sayyid Said.

Katika dibaji ya kitabu chake Salme anaeleza kwa nini aliandika. Watoto wake, anasema, hawakujua juu ya asili yake zaidi ya kwamba alikuwa Mwarabu mzaliwa wa Zanzibar. Alihofia kwamba angekufa kabla hawajakua vya kutosha kuelezwa. Kwa hiyo aliyoyaandika kwanza hayakuwa ya soko. Yalikuwa amana ya mama. Lakini amana hiyo ilibidi aiandike kwa Kijerumani, kwani ndiyo lugha waliyoijua wenyewe waliokusudiwa kuipokea. Mfasiri yeyote ataona uchungu wa jambo hilo. Utoto uliopita kwa Kiarabu na Kiswahili ulivushwa hadi lugha ya tatu na mtu yuleyule aliyeuishi. Ndiyo maana msomaji wa pwani anayekifungua kitabu hiki mara nyingi huhisi kwamba chini ya sentensi kuna sentensi nyingine. Anapoeleza sikukuu, au namna ya kumpokea mgeni, au hirizi anayovishwa mtoto, huwaeleza wageni jambo kwa maneno kumi, na sisi tunalisikia kwa neno moja.

Hakuwa pekee wa pwani aliyepitia mlango huo. Mtoro bin Mwenyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye kitabu chake cha desturi za Waswahili kilichapishwa mwaka 1903, alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili, akaoa Mjerumani mwaka 1904. Alipotaka kurudi na mkewe, wakoloni hawakuwaruhusu kushuka nchini, akarejea Ujerumani na kufia Berlin mwaka 1927. Na katika zama zetu, Abdulrazak Gurnah, aliyeondoka Unguja akiwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1960, aliandika riwaya zake kwa Kiingereza na kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Watatu hao hawafanani kwa ukoo wala kwa bahati. Wanafanana kwa kuwa kila mmoja alipaeleza pwani akiwa amesimama mbali nayo, kwa ajili ya wasomaji ambao wengi wao hawakuijua.

Salme alirudi Unguja mara ya kwanza Agosti 1885, baada ya miaka kumi na tisa. Alikuja ndani ya meli ya Kijerumani iitwayo Adler, wakati manowari za Ujerumani zimetia nanga mbele ya mji ili kumlazimisha Barghash akubali madai yao ya bara. Yeye alitaka urithi wake na uso wa ndugu zake. Bismarck alitaka kisingizio. Barghash alikataa kumwona. Wenyeji, anasimulia, walimwamkia njiani kwa furaha, naye alikwenda Mtoni akakuta jumba alikozaliwa limekuwa gofu. Alirudi tena mwaka 1888, na safari hiyo nayo haikufungua mlango. Kuanzia 1889 hadi 1914 aliishi Jaffa na Beirut, mahali ambapo angalau Kiarabu kilisikika njiani.

Mtu aliyeondoka na kisha akarudi juu ya meli ya wenye mizinga hawezi kupokewa kwa mikono miwili, hata akiwa na haki. Barghash naye alikuwa na sababu zake: nchi yake ilikuwa inakatwa mbele ya macho yake, na dada yake amesimama upande wa wenye visu. Msomaji mwenye jamaa waliokosana kwa siasa, na katika visiwa hivi ni wengi, hatapata tabu kuwaelewa wote wawili. Tena huenda akaona kwamba kuwaelewa hakutoshi kuwapatanisha.

Limebaki jambo ambalo haliwezi kufunikwa. Kitabu cha Salme kina sura juu ya utumwa, na katika sura hiyo anautetea. Anadai kwamba watumwa wa Kiarabu walitendewa vyema, anawasema Waafrika kuwa wavivu, na anawalaumu Wazungu kwa haraka yao ya kuukomesha. Aliandika hayo miaka kumi na tatu tu baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa mwaka 1873, na miaka kumi na mmoja kabla ya amri ya 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa visiwani. Alikuwa amerithi mashamba yenye watumwa. Mwaka 2019 kiwanja kimoja cha Hamburg kilipewa jina lake. Mwaka uliofuata, kauli hizo zilipokumbushwa, ikaamuliwa jina liondolewe.

Msemo wetu unasema mwacha asili ni mtumwa. Kitabu hiki kinaugeuza msemo huo juu chini. Jilfidan hakuiacha asili yake. Alinyang'anywa, na kwa hilo akawa mtumwa. Binti yake anaweza kuandika kurasa za kutia machozi juu ya mtoto aliyetengwa na dada yake jioni moja, kisha, sura kadhaa mbele, asiwaone watoto waliofika Unguja kwa majahazi kutoka Kilwa baada ya jioni za namna hiyohiyo. Mtumwa aliyemtengenezea mwandiko hakutajwa jina. Kama si mkono wake, kitabu chenyewe huenda kisingekuwapo.

Kwa hiyo msomaji wa Unguja anayejiona ndani ya kurasa hizi hujiona mara mbili, na mara ya pili humwumiza. Wengi wetu tuna damu ya waliokaa ghorofani na ya waliopika chini, na wengi hatujui kiasi cha kila moja. Anayekwenda kwa Salme kumtafuta shangazi aliyehama atampata. Akiendelea kusoma atamkuta pia bibi mzaa bibi yake, kimya, pembeni ya sentensi, amebeba sinia. Undugu na kitabu hiki hauwi wa kweli mpaka wote wawili wahesabiwe.

Rudolph Said, mwana wa Salme, aliandika maisha ya babu yake Sayyid Said katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1929, na vitabu na nyaraka alizokusanya zikahifadhiwa Leiden, Uholanzi. Amana ya mama ilimfikia, ingawa kwa Kijerumani. Jumba la Forodhani lililofanywa makumbusho mwaka 1994 lilimtengea Salme chumba, na huko watoto wa skuli za Unguja walipelekwa kuitazama picha yake.

Ule mchanga haukuandikwa kwa lugha yoyote. Hauna Kijerumani wala Kiarabu, wala hauna sura juu ya utumwa. Umekanyagwa na Sayyid na umekanyagwa na walioshushwa majahazini wakiwa wamefungwa. Alibeba wa wote, pengine bila ya kukusudia, na uko naye Ohlsdorf.